Mitambo ya upepo itatuongezea joto Micheweni? Naomba ushauri

Mwana wa Micheweni
Asalaam alaykum wanajamvi. Shamba la ukoo wetu hapa Pemba limeombwa kuwekwa mnara wa kupimia upepo, na pakionekana panafaa, baadaye ije mitambo yenyewe ya umeme. Ami yangu, ndiye msimamizi wa shamba, hataki. Kasikia mitambo hiyo huongeza joto, na mapanga yake hula upepo unaotukaushia karafuu. Vijana wanasema uzushi. Mimi sitaki kumbishia mzee kwa jambo nisilolijua. Wala sitaki tukose umeme wa kwetu kwa khofu tu, maana Unguja ilivyokaa gizani tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika, sote tunakumbuka. Je, maneno ya ami yana ukweli?

Maalim wa Wete
Wa alaykum salaam. Ami yako hakuzua, na umwambie hivyo kwanza. Mwaka 2012 Liming Zhou na wenzake walichapisha utafiti wa setelaiti, wa miaka ya 2003 hadi 2011, juu ya mashamba ya upepo huko Texas. Ardhi yenye mitambo ilionekana kupata joto kuliko ya jirani, hasa usiku, kwa kasi ya hadi nyuzi 0.72 za sentigredi kwa muongo. Kasi hiyo ni ya kipindi ambacho mitambo ilikuwa ikiongezwa, kwa hiyo mtu asiizidishe kwa miaka hamsini akaogopesha watu.

Sababu yake ndiyo muhimu. Usiku wa bara, ardhi hupoa upesi, hewa baridi ikalala chini na ya vuguvugu ikabaki juu. Mapanga huzikoroga, ya juu ikashuka. Wakulima wa matunda California huweka mapangaboi makubwa mashambani kwa kazi hiyohiyo, baridi isiwaunguzie maua. Joto limehamishwa tu, halikuzaliwa hapo. Na pwani yetu, kusi likivuma usiku kucha, hewa imeshachanganyika yenyewe, kwa hiyo sitarajii tuone kama ya Texas.

Binti Makunduchi
Maalim, lakini umeme wenyewe mwisho wake si joto? Feni, friji, taa, vyote vinapasha.

Maalim wa Wete
Ni joto, mwanangu. Lakini upepo ule hata ukiachwa ungeishia kuwa joto kwa kusuguana na miti, mawimbi na ardhi. Upepo umetokana na jua, na dunia hufyonza wastani wa wati 240 hivi za jua kwa kila mita ya mraba, ikarudisha angani karibu kiasi hicho. Mtambo hauongezi kitu kwenye mizani hiyo. Dizeli huongeza, maana inafukua nishati iliyozikwa zamani, na hewa ukaa yake huzuia joto lisitoke kwa karne nyingi. Mtambo ukizimwa, athari yake haichukui muda kwisha.

Fundi Umeme
Naongeza, tusije tukamlainishia mzee. Lee Miller na David Keith walikokotoa mwaka 2018 kwamba umeme wote wa Marekani ukitoka kwenye upepo, joto la uso wa ardhi ya nchi ile lingepanda kwa nyuzi 0.24. Si sifuri. Ila hiyo ni mitambo iliyotapakaa nchi nzima. Mradi wa Ziwa Turkana, Kenya, una mitambo 365 na megawati 310, na Pemba nzima haihitaji umeme wa kukaribia huo.

Mwana wa Micheweni
Nimeelewa la joto. Na la karafuu?

Fundi Umeme
Hapo mzee ana hoja. Nyuma ya mtambo upepo hupungua na kuvurugika, kisha hurudi kadiri unavyokwenda mbali. Kwa hiyo muulize mwenye mradi: mitambo itakaa upande gani wa majamvi ya kuanikia karafuu, kusi likivuma na kaskazi likivuma, na kwa umbali gani? Nisingekubali jibu la mdomo, wanioneshe ramani. Na mwambie aweke kipimajoto na kipimaupepo karibu na jamvi sasa hivi, kabla ya mtambo wa kwanza, takwimu zibaki kwenu na kwa sheha. Bila vipimo vya kabla, mkija kulalamika baadaye hamtakuwa na cha kulinganisha.

Mwana wa Micheweni
Ahsanteni sana. Ijumaa baada ya sala nakaa na ami, na hilo la vipimo nalianza mimi.