Mbabula ya kuni niliyotengeneza na mikebe inafuka moshi sana, kosa iko wapi?

MutotoWaNdosho

Jambo bakubwa, jambo bamama. Niko Goma, kule Ndosho, na niko na shida ya mbabula. Makala imepanda bei, mufuko tuliokuwa tunamaliza na mwezi muzima sasa unaisha wiki mbili na nusu, tena chini ya mufuko ni vumbi tupu, kwa hiyo nikasema nitengeneze mbabula ya kuni mwenyewe, ile inapika na vijiti vidogo vidogo unavisukuma kwa kando. Niliiona kwa jirani mumoja lakini alihama mbele nimuulize aliipanga je.

Sikununua kitu. Nilichukua bido ya mafuta ya msaada, ile ya pembe ine ya lita 4, ndani nikaingiza mukebe ya maziwa ya unga, nikatoboa tundu chini ya kuingizia kuni, katikati nikajaza muchanga mweusi wa volkano, ju hapa kwetu haununuliwi, ni kuinama tu. Juu nikapiga simenti kidogo ili ishike. Ilikuwa inapendeza macho, hata foto nilipiga.

Sasa kazi yake. Moshi ni ya kulia kama uko kwa kilio. Sufuria ya mama imekuwa nyeusi mpaka kwa mukono. Simenti ilipasuka siku ya pili, mukebe ya ndani ikatoboka mbele ya wiki tatu kuisha. Na kitu inaniuma zaidi, maharagi ilikula kuni mingi kuliko mafiga! Mawe matatu ya babu yamenishinda mimi niliyesoma mekanike. Mama hasemi kitu, anaangalia mbabula halafu ananiangalia.

Kwa kiwanja kuko bado janti (chuma ya gurudumu) ya Land Cruiser, chupa nzee nyekundu ya kuzimia moto, kipande cha tole ya paa na mawe ya volkano tele. Mimi nafikiri shida ni chuma kuwa nyembamba, nikitia janti itakuwa sawa? Nauliza mbele nitafute makuta ya mutu wa kusude (kuchomelea chuma).

Fundi_Birere

Mudogo, acha chuma kwanza. Toka pale moto inawaka mpaka chini ya sufuria kuko urefu gani? Sufuria inakaa je, inagusa mudomo ya mukebe ao kuko nafasi? Na kuni zinalala chini kabisa ao kuko kitu chini yake?

MutotoWaNdosho

Urefu ni mukebe moja tu, sentimeta 12 hivi. Sufuria inalala juu ya mukebe kabisa ili moto isitoroke. Kuni zinalala chini, najaza tundu yote ili iwake na nguvu.

Fundi_Birere

Ili moto isitoroke! Pale njo uliua mbabula yako. Umefunika mudomo na sufuria, umejaza tundu na kuni, sasa hewa ingie wapi na itokee wapi? Hata weye nikufunge pua na kinywa utafuka moshi.

Sikia, moshi ni kuni ambayo haikuungua. Ikipata hewa na pahali pa moto mukali inawaka na inakupikia, ikikosa inaenda kwa macho ya mama na masizi kwa sufuria. Kwa hiyo unahitaji nafasi ndefu ya moshi kuungulia mbele igonge sufuria, na sentimeta 12 haifiki. Kuko mutaalamu mumoja wa Marekani, Larry Winiarski, alipanga mambo haya miaka ya 1980 kule Oregon, njo ile batu wanaita roketi. Siyo kitu ya ajabu, ni kiko tu kama ya babu wa tumbaku, kuni kwa kando na moto inapanda juu, na upande wa kusimama unakuwa mara tatu ya upana wake. Mikebe ya maziwa ya gramu 400 iko na upana wa sentimeta 10 hivi, kwa hiyo unganisha tatu zisimame, fika 30 na kitu, na ya ine ilale kwa kando chini njo mulango ya kuni.

Ndani ya ile inalala weka ka kipande ka chuma kama meza. Kuni zinapita juu ya meza, hewa inapita chini, na hewa inapata moto kiloko mbele ifike kwa makaa. Usijaze kuni, vijiti vitatu ao vine vya kidole gumba vinatosha, vinawaka kwa ncha tu, ukitaka moto unasukuma, ukitaka kupunguza unarudisha. Ukiona moshi umeingiza sana.

Sufuria uinue na bulo (boliti) tatu za gari ao vipande vya ferabeto (nondo). Nafasi gani? Chukua upana wa mukebe ugawanye kwa ine, kwa hiyo 10 inakupa 2 na nusu. Chini ya hapo inasonga, juu sana moto inapita kando bila kugusa. Halafu zungusha kipande cha chuma kando ya sufuria kama kikwembe, acha nafasi ya kidole kimoja, moto ikipanda ilambe na mbavu za sufuria siyo makalio tu.

Sasa muchanga. Toa yote. Muchanga ni muzito na kitu nzito inakunywa moto, kwa hiyo mbele sufuria ipate joto unapikia kwanza muchanga, kilo ngapi uliweka, sita? Njo maana mafiga ilikushinda, mafiga haina tumbo ya kulisha. Pale katikati jaza majivu ya kuni, yale mama anatupa kila asubuhi, makavu na yamechujwa. Ni mepesi, yanashika hewa ndani, moto inakataa kupita. Ukikosa majivu tafuta changarawe ya volkano ile nyepesi yenye vitundu kama mukate, pima kwa mukono, ikiwa nyepesi ni nzuri, ikiwa nzito ni jiwe tu hata kama imetoka Nyiragongo yenyewe. Na janti iko na ugonjwa ile ile ya muchanga.

Mwana_Katuba

Miye niko Lushi (Lubumbashi), naona fundi anadharau janti bure. Huku kwetu mbabula ya janti inamaliza miaka, unaiachia mutoto wako. Mikebe ya maziwa ni kitu ya mwezi moja, mbele uzoee imeisha kutoboka. Chuma kinene njo chuma.

Fundi_Birere

Ndugu wa Lushi, sikatai, lakini weye unapikia makala. Makala inakaa masaa, chuma ikipata moto inabaki nayo na makala yenyewe inachoma sufuria kutoka pale ilipo, kule janti ni sawa. Huyu anapika na vijiti, anawasha asubuhi kwa chai ya dakika kumi na tano na anazima. Ile chai yote itaenda kwa janti.

Kutoboka ni kweli, mukebe nyembamba ndani ya moto haizeeki. Njo maana usisude wala usipige simenti, panga ili uweze kuvuta ile ya chini na kutia ingine, kama balbu inaungua unabadilisha. Mikebe ni bure, kuni unanunua kila siku. Akitaka ya kudumu akate ile chupa ya kuzimia moto, chuma yake ni muzuri kabisa. LAKINI mudogo, kama sindano yake inaonyesha bado kuko presha usiiguse, ipeleke kwa mwenye kuijua. Ikiwa tupu fungua kichwa, toa ile unga yote, jaza maji mbele ukate. Na hii naambia wote, pipa ao bido iliyofungwa yenye ilikuwa na petroli ao rangi usikate na mashini bila kujaza maji, petroli inaisha lakini mvuke wake unabaki unakungojea.

Nesi_Himbi

Samahani naingia kati. Ile kipande cha tole ya paa usiweke pahali moto inafika! Tole zinapakwa zinki, ikiungua inatoa moshi mweupe, usiku unapata homa, baridi na kifua, batu wanafikiri ni malaria wanakunywa dawa bure. Bafundi wa kusude wanaijua hii. Kama umeshaikata iweke kwa nje kabisa, kufunga majivu, siyo kwa njia ya moto.

Pili, nyumba ya mbao. Usipikie ndani ukafunga mulango ju ya baridi ao mvua, hata kama mbabula haifuki. Kwetu Goma kila mutu anaogopa mazuku, ile gesi inatoka ndani ya udongo, tunajua inalala chini kwa mashimo na inaua mbuzi na batoto, basi ya mbabula ni gesi ingine, hailali chini, inajaa chumba chote, hainuki na haiumi macho. Na makala njo mubaya zaidi ju haina moshi ya kukufukuza. Mbabula yenye makaa usilale nayo chumba kimoja hata siku moja.

Mama_Nguba

Miye niko Bukavu, mbabula ya namna hiyo napikia mwaka wa pili sasa, wanaume wameongea chuma acha niongee kupika.

Mutoto wangu, kuni zako ni za nini? Kama ni mukaratusi wa juzi ule bado unatoa maji kwa ncha, hakuna fundi wa kukuokoa. Ipasue vipande vya kidole gumba, ipange juu ya dari ya jikoni ao chini ya tole pale jua linachoma, wiki mbili tatu, ukipiga moja na ingine zilie kama kengele. Kuni mubichi unaunguza maji yake kwanza njo upike.

Maharagi usilaumu mbabula. Mutoto wangu wa sekondari alinieleza, hapa kwetu tuko juu sana, Goma na Bukavu tuko karibu metre 1500, maji inachemka kama kwa 95 siyo 100, na ukiongeza moto haipandi, inaruka tu na kukauka. Loweka maharagi usiku muzima, mwaga yale maji. Miye nachemsha karibu saa moja, halafu sufuria na kifuniko chake naifunga ndani ya kitunga chenye majani makavu ya ndizi na blangeti mbili nzee, naenda soko. Nikirudi nawasha tu tena kiloko, nakaanga kitunguu, imeisha. Kuni ya masaa mawili inabaki kwa ukuta.

Na ujue hii mbabula inataka mutu akae nayo. Makala unaweka unaenda kanisani, hii kila dakika chache unasukuma kijiti. Dada zako watakuchukia siku za kwanza. Mama kama anafanya kazi zake zingine mwambie ukweli mbele, asifikiri ameletewa jiko ya umeme.

Mawe ya volkano usiweke ndani ya moto kama yalilala kwa mvua, yanashika maji kwa vile vitundu na yakipata joto ghafla yanapasuka. Yangu moja iliruka mpaka kwa ukuta, namshukuru Mungu mutoto alikuwa ameenda kununua chumvi.

MutotoWaNdosho

Nimerudi kisha wiki tatu. Aksanti kwenu wote, nilikuwa nataka kwanza nijaribu ndiyo niongee.

Bido ya pembe ine ilikuwa ndogo, nikapata ndoo ya chuma ya rangi ya lita 20 kwa watu wanaojenga, nikaiunguza nje kwanza mpaka rangi ikatoka. Mikebe ine nilipata kwa jirani mwenye mutoto muchanga. Kuikata nilitumia musumari na mukasi ya tole, mikono ilipata alama, vaeni kitu. Kazi kubwa haikuwa chuma, ilikuwa majivu! Ndoo inakula majivu hautaamini, ya kwetu haikufika nusu, nilipita nyumba tano na karai nikiomba majivu, batu wakaanza kusema yule kijana ameanza dawa za kienyeji. Na kisha siku mbili ilishuka vidole vinne, nikaongeza tena.

Nilipima na mizani ya mama wa viazi, lita 5 za maji, sufuria ile ile, kuni kutoka fungu moja. Ile ya muchanga ilikula kilo moja na robo na dakika 40 na kitu. Hii mupya gramu 600, dakika 25. Nilirudia mara mbili ju sikuamini, mara ya pili ikawa 650. Moshi iko wakati wa kuwasha na nikisahau nikijaza, zaidi ya hapo unaona tu hewa inacheza juu. Naipikia chini ya baraza, Nesi.

Kikapu ya maharagi mama alikataa, akasema chakula hakilali kwa blangeti kama mugonjwa. Sasa kila jumapili naona kitunga iko na majani ndani.

Shida iliyobaki ni kaunga (ugali). Mbabula imekuwa ndefu na nyepesi, mama akianza kusonga na mwiko yote inacheza, juzi ilianguka karibu imwage yote kwa miguu ya dada yangu. Kuishika na mukono huwezi. Nifanye je?

Fundi_Birere

Sasa njo lete ile janti. Ilaze chini, simamisha ndoo katikati, pale kando pote funga na mawe yako ya volkano, yale mazito. Acha mulango ya kuni wazi. Kama mulango inafunikwa na janti inua ndoo kwanza na mawe mawili bapa. Tena kwa kusonga mama avute kuni zibaki makaa tu, kaunga ya mwisho haitaki ndimi za moto.

Mwana_Katuba

Niliwaambia janti 😂