Shirika letu halifungamani na dini, lakini sasa mwenye shida anaulizwa dini yake kabla ya kupewa blanketi

Ndugu wanajukwaa,

Nimejizuia kuandika kwa wiki tatu nikitumaini kwamba barua niliyompelekea katibu ingejibiwa. Haijajibiwa, ingawa nakala yangu ina mhuri wa mapokezi na tarehe inasomeka vizuri kabisa. Jina la shirika sitalitaja, kwa sababu nataka zijadiliwe kanuni, nisifungue uwanja wa kutukana watu. Itoshe kusema kwamba ni shirika la kibinadamu la watu wa kujitolea, lisilofungamana na dini wala chama cha siasa, ambalo nimelitumikia kwa miaka sita bila mshahara na bila kinyongo. Kinyongo nimekipata mwaka huu.

Mambo yalianzia kwenye meza ya ugawaji. Nilikuwa nimepangwa kuandikisha kaya zilizopoteza makazi kwa mafuriko, kazi ambayo nimeifanya mara nyingi kiasi kwamba naweza kuchora daftari lake nikiwa nimefumba macho: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, watoto wadogo, wagonjwa na wenye ulemavu, alichopokea, sahihi au dole gumba. Safari hii daftari lilikuwa jipya, na kati ya jina na idadi ya watu palikuwa na safu iliyoandikwa "Dini". Nilidhani ni kosa la mchapaji. Msimamizi wetu akaniambia kwamba si kosa, ni kanuni mpya, nami nisiicheleweshe foleni.

Mama mmoja mzee, wa saba au wa nane katika foleni, alipoulizwa dini yake na kijana niliyeketi naye, hakujibu mara moja. Aliyatazama mablanketi yaliyorundikwa nyuma yetu, akamtazama kijana, kisha akauliza kwa sauti ya chini, bila kejeli hata chembe: "Mnataka nijibu ipi?"

Kijana alinigeukia. Nikamwambia aiache safu ile wazi, na kuanzia hapo mimi mwenyewe niliiacha wazi hadi jioni. Kwa kosa hilo nimeandikiwa barua ya onyo, na nitaieleza huko mbele.

Wale wanaosema kwamba ibara ya kutofungamana na dini iliwekwa kwenye katiba yetu kama pambo la kuwafurahisha wafadhili, ningependa wangekuwa wameketi kwenye kile kiti changu. Yule mama alielewa katika nusu dakika jambo ambalo kamati yetu ya utendaji imeshindwa kulielewa kwa vikao vitatu, kwamba mtu aliyelala nje usiku uliopita hana uhuru wa kukataa swali linaloulizwa na mwenye blanketi, hata swali hilo likiulizwa kwa adabu namna gani. Ibara ile iliandikwa kwa ajili yake. Wafadhili wana wanasheria wao.

Tena msimamo huu haukubuniwa nasi, wala haukuletwa na watu wanaochukia dini, kama mwenyekiti wetu anavyopenda kudokeza. Baada ya mapigano ya Solferino, kaskazini mwa Italia, ya tarehe 24 Juni 1859, mfanyabiashara wa Uswisi Henry Dunant aliwakuta wanawake wa mji jirani wa Castiglione wakiwauguza majeruhi wa majeshi yote kwa pamoja, wakisema kwamba wote ni ndugu. Dunant alikuwa Mkristo mwenye imani kali. Hata hivyo harakati ya Msalaba Mwekundu iliyozaliwa kutokana na jambo lile, iliyoanza na kamati ya watu watano mjini Geneva mwaka 1863, ilipokuja kuzitangaza kanuni zake saba za msingi mjini Vienna mwaka 1965, iliandika waziwazi kwamba haibagui kwa utaifa, rangi, imani ya dini, tabaka wala msimamo wa kisiasa, na kwamba inaongozwa na mateso ya mtu pekee, ikitanguliza walio katika dhiki kubwa zaidi. Mwaka 1994 zikaja kanuni za maadili kwa Msalaba Mwekundu, Hilali Nyekundu na mashirika yasiyo ya kiserikali katika misaada ya maafa, zenye vipengele kumi. Kipengele cha tatu kinakataza msaada kutumiwa kuendeleza msimamo wowote wa kisiasa au wa kidini. Mashirika ya kidini nayo yamo miongoni mwa yaliyozitia saini, kwa sababu kanuni hizo zinaitambua haki ya shirika kuwa na imani yake. Kinachokatazwa ni kuufunga msaada kwenye imani hiyo.

Nalisisitiza hili kwa sababu sina ugomvi na shirika la kidini linalojitambulisha hivyo mlangoni. Nimefanya kazi bega kwa bega na watu wa mashirika kama hayo, na baadhi yao walikuwa makini zaidi yetu katika kutobagua. Ugomvi wangu ni na shirika linalosajiliwa kwa sura moja na kuendeshwa kwa sura nyingine, huku likiendelea kuwachukua vijana wa imani zote na wasio na imani kwa ahadi iliyomo kwenye katiba ya zamani.

Utetezi tulioupata kwa mdomo, maana kwa maandishi hatujapata chochote, ni kwamba safu ile ni ya takwimu tu na haimnyimi mtu kitu. Kama haimnyimi mtu kitu, basi haina kazi kwenye meza ya ugawaji. Idadi ya watu katika kaya inaamua idadi ya mablanketi. Mtoto mchanga na mgonjwa wanaamua nani atangulie. Dini inaamua nini? Na ikiwa haiamui lolote, kwa nini niikusanye, niitie kwenye kompyuta, na niikabidhi kwa mfadhili ambaye, kwa kauli ya mwenyekiti mwenyewe mbele ya wasimamizi, "angependa kujua"? Orodha ya majina yenye dini au kabila ubavuni si karatasi ya kuchezea. Nchini Rwanda mwaka 1994, mwaka uleule ambao kanuni nilizozitaja zilitolewa, kitambulisho chenye neno moja la kabila kilitosha kumpeleka mtu kwenye kifo akifika kwenye kizuizi cha barabarani, na neno lile lilikuwa limeingizwa kwenye vitambulisho na utawala wa Wabelgiji miongo mingi nyuma, kama jambo la usajili tu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inaiweka imani ya dini katika kundi la taarifa ambazo ni marufuku kuzichakata isipokuwa kwa sababu maalumu zilizotajwa. Sisi daftari letu lilishinda siku nzima juu ya meza, limefunguliwa, kila aliyekuja kutia dole akiweza kusoma aliyemtangulia ni nani na anaabudu wapi.

Sasa niseme jinsi kanuni mpya za shirika letu zilivyopita, maana hapo ndipo hasira yangu inapogeuka kuwa kitu kingine.

Katiba yetu inataka mambo matatu kabla ya kuigusa ibara yoyote ya msingi: taarifa ya siku 21 kwa maandishi ikiambatana na mapendekezo yenyewe, akidi ya nusu ya wanachama hai, na kura za theluthi mbili ya waliohudhuria. Wanachama hai tuko 86, hivyo akidi ni watu 43. Taarifa ilitumwa kwenye kundi la simu siku nne kabla ya mkutano, ikiwa na neno "mengineyo" na bila pendekezo hata moja. Mimi nilikuwa kazini nje ya kituo. Niliowauliza baadaye, ambao hawakuwa na sababu ya kupatana juu ya uongo, wote waliniambia kwamba ukumbini hawakuzidi 30. Hata hivyo muhtasari unaonyesha wahudhuriaji 51, na umeambatanishwa na karatasi ya mahudhurio yenye sahihi 51.

Niliomba kuiona karatasi hiyo. Katika mstari wa 17 niliikuta sahihi yangu, nayo ni yangu kweli, sikatai. Naikumbuka kwa sababu siku niliyoitia kalamu ya bluu iliishiwa wino katikati, nikaimalizia kwa nyekundu, na mkufunzi akanitania. Mkufunzi, narudia. Ile ilikuwa karatasi ya mafunzo ya huduma ya kwanza yaliyofanyika miezi miwili kabla, na sehemu ya juu yenye kichwa cha habari imefunikwa wakati wa kutoa nakala, kiasi kwamba kivuli cha ukingo wa karatasi iliyofunikia bado kinaonekana.

Nilipomwonyesha katibu kivuli hicho, hoja ilibadilika papo hapo. Nikaambiwa kwamba zile hazikuwa marekebisho ya katiba hata kidogo bali "kanuni za uendeshaji", ambazo kamati inaweza kuzitunga yenyewe bila mkutano. Naomba wenye kumbukumbu za vyama na mashirika wanisaidie hapa. Kanuni za uendeshaji zipo kwa ajili ya kueleza namna ya kuitekeleza katiba, kama vile nani anatunza ufunguo wa ghala, hundi inasainiwa na wangapi, mtu wa kujitolea anarudishiwaje nauli yake. Haziwezi kuruhusu kile ambacho katiba imekikataza. Na kama kweli hazikuhitaji mkutano, ni kwa nini mtu akaketi na mashine ya kutoa nakala na karatasi ya mafunzo ili autengeneze mkutano?

Nilipozisoma kanuni hizo zote, kurasa 14, niligundua kwamba safu ya dini ndiyo iliyofanya kelele lakini siyo iliyoingia peke yake. Mwenyekiti mwanzilishi sasa hana ukomo wa vipindi. Wajumbe wa kamati watalipwa posho ya kikao, huku sisi wa kwenye matope tukiendelea kujilipia nauli na kusubiri marejesho. Na bado wanaliita hili shirika la kujitolea. Kamati inaweza kumvua mtu uanachama "kwa maslahi ya shirika" bila kumsomea tuhuma wala kumsikiliza. Barua yangu ya onyo imeandikwa kwa kutumia kifungu hichohicho, na inanitaka nijieleze kwa nini nisivuliwe, jambo ambalo kwa mujibu wa kanuni zao wenyewe hawana hata haja ya kuniuliza.

Kuhusu mwanzilishi, hoja inayorudiwa ni kwamba shirika haliwezi kusimama bila yeye. Dunant niliyemtaja alifilisika mwaka 1867, kisha akaachia ukatibu wa kamati ya Geneva, na wenzake wakamwondoa kabisa. Walimtendea ukali ambao mimi singeutetea, na dunia ilimkumbuka kwa kuchelewa, ilipompa yeye na mpigania amani wa Kifaransa Frédéric Passy Tuzo ya Nobel ya Amani ya kwanza kabisa mwaka 1901. Lakini kazi haikusimama siku aliyotoka. Ikiwa kamati ile ilimpoteza mtu aliyeibuni na ikaendelea, sisi wenye ghala moja na magari mawili tunaweza kuvumilia uchaguzi kila baada ya miaka mitatu.

Kifungu ambacho hakuna aliyekizungumzia, nacho ndicho kilichoninyima usingizi zaidi, kiko ukurasa wa mwisho. Katiba inasema kwamba shirika likivunjwa, mali yake baada ya kulipa madeni itakabidhiwa kwa shirika jingine lenye malengo yanayofanana, na kamwe haitagawanywa kwa wanachama. Kanuni mpya zinasema mali itashughulikiwa "kama kamati itakavyoona inafaa". Mahema yale, magari yale, na fedha zilizochangwa na watu waliojinyima vimegeuzwa kwa maneno manne kuwa kitu ambacho watu watano wanaweza kukipeleka wanakotaka. Sidai kwamba wana nia hiyo. Ila kifungu cha zamani hakikuwa na kasoro yoyote, na mtu habadilishi kufuli lisiloharibika bila sababu.

Wapo wenzangu walionishauri ninyamaze kwa hoja kwamba kulalamika hadharani kutawaumiza wahitaji, kwani wafadhili watakimbia. Nimelipima hilo kwa uzito wake, maana si hoja ya kipuuzi. Blanketi lisilofika ni usiku wa baridi kwa mtoto fulani. Lakini mfadhili anayekimbia kwa sababu tumekataa kumpelekea orodha ya dini za watu hakuja kwa ajili ya yule mtoto, na mfadhili atakayegundua mwenyewe kivuli kile kwenye karatasi ya mahudhurio atakimbia kwa haki.

Barua yangu kwa katibu iliomba mambo ambayo hayagharimu kitu: kanuni mpya zisimamishwe mpaka uitishwe mkutano mkuu halali wenye taarifa ya siku 21, madaftari yenye safu ya dini yaondolewe mezani na taarifa zilizokwisha kusanywa zifutwe mbele ya mashahidi, na karatasi halisi ya mahudhurio, isiyofunikwa kitu, ioneshwe kwa mwanachama yeyote anayeitaka. Nimeongeza ombi la nne baada ya kupata onyo, kwamba kijana yule niliyeketi naye asiguswe, kwa kuwa safu ilibaki wazi kwa agizo langu.

Nimewapa hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nakala ya barua, muhtasari na karatasi ile vitapelekwa kwa msajili, na wanachama wengine 11 wameshakubali kutia sahihi zao, safari hii kwenye karatasi yenye kichwa cha habari kinachoonekana. Kwa aliyewahi kupinga kwa msajili marekebisho yaliyopitishwa bila akidi, naomba anieleze aliambatanisha nini na alisubiri muda gani. Na kama miongoni mwenu yumo aliyehudhuria mafunzo yale ya huduma ya kwanza na bado ana picha ya karatasi ile kabla haijafunikwa kichwa, tafadhali aniandikie faraghani.