Xbox One tatu kwa bei ya kutupa: ninunue, au kuna sababu zilishindwa?

Kijana_wa_Mwanjelwa

Wakuu, habari za majukumu. Nina chumba cha gemu hapa Mwanjelwa, nyuma kidogo ya soko, PS3 nne na televisheni zake. Mechi ya FIFA mia tano, ukifungwa unapisha. Mambo yalikuwa yanakwenda mpaka jamaa mmoja alipofungua ng'ambo ya barabara na PS4. Sasa watoto wakitoka shule wanapita kwangu kama hawanijui.

Juzi nimepata ofa Tunduma. Mtu ana Xbox One tatu, anataka laki mbili na nusu kila moja, padi mbilimbili. PS4 kwa hela hiyo siioni, labda ya kuungaunga. Nimeziwasha, zinapiga kazi, picha safi. Ila kila ninayemuuliza ananijibu "Xbox haina watu". Naomba kueleweshwa: Microsoft wana hela kama uchafu, mashine yao ilitoka mwezi mmoja na PS4, Novemba 2013, gemu nyingi ni zilezile. Walikosea wapi hasa? Na makosa yao ya huko Marekani yananihusu nini mimi wa Mwanjelwa? Tafadhali msinijibu kishabiki kama Simba na Yanga.

Bandobando

Umeshasema mwenyewe haina watu. Unataka nani akwambie tena? Nimekaa hapa na chai yangu, baridi la Uyole leo si la kitoto. Naufuatilia uzi.

Mama_Kihesa

Marahaba kabisa, maana ukishajua umri wangu utanisalimia. Mwanangu, nachezesha gemu Iringa tangu enzi za PS1, wakati majirani wa Kihesa wakidhani naendesha kamari. Habari za hizi kampuni nazifuatilia kama wengine wanavyofuatilia usajili wa dirisha dogo.

Xbox One ilishindwa miezi sita kabla ya kufika dukani. Mei 2013 walipoitambulisha walitumia muda mrefu kusifia mambo ya televisheni, utafikiri wanauza king'amuzi. Kisha yakatoka masharti. Mashine iguse intaneti walau mara moja kila saa 24, la sivyo huchezi. CD uliyoinunua kwa hela yako, kuiuza au kumpa mwenzio mpaka kwa utaratibu wanaoutaka wao. Mkubwa wa kitengo chao, Don Mattrick, alipoulizwa kuhusu wasio na intaneti, akasema hao wana mashine yao, inaitwa Xbox 360. Ya zamani! Ni kama mteja aingie kwako hana mia tano, umwambie akacheze kombolela nje.

Juni, kwenye maonyesho ya gemu ya E3 kule Los Angeles, Sony wakapanda jukwaani na kusema CD ya PS4 utaiazimisha, utaiuza, ukitaka utaiweka kabatini maisha. Wakatoa na kivideo cha kufundisha kuazimana gemu: mtu anamkabidhi mwenzie kasha, mwenzie anasema asante, kwisha. Bei dola 399. Xbox ilikuwa 499, kwa sababu ya kamera ya Kinect waliyokulazimisha kuinunua uitake usiitake. Tarehe 19 mwezi huohuo Microsoft wakafuta yale masharti, na mwaka uliofuata wakaanza kuiuza bila Kinect kwa 399. Lakini nani alisoma tangazo la pili?

Hapo ndipo panapokuhusu. Mimi nikinunua CD mpya, nusu ya hela inatoka kwenye CD ya zamani ninayoiuza Mafinga. Kuna FIFA moja imezunguka Kihesa, Mlandege na Mwangata mpaka kasha lake limefungwa kwa selotepu, na jina la mwenye mali limeandikwa kwa maka na kukatwa mara tatu. Wanaonunua mashine mpya mwanzoni kabisa ni haohao wanaoazimana, na ndio wanaowavuta wengine. Microsoft waliwatibua hao. Waliofuata wakanunua alichonacho rafiki, na rafiki alishachukua PS4. Zimeuzwa zaidi ya milioni 117. Mwaka 2023 Phil Spencer, mkuu wa Xbox wakati huo, alikiri mwenyewe kwamba walishindwa kwenye kizazi cha mashine ambacho kushindwa kulikuwa kubaya kuliko vyote, kwa kuwa ndipo watu walipoanza kulundika gemu za kupakua kwenye akaunti. Ukiwa na gemu arobaini kwa Sony, unahamaje?

Hilo nimelisoma. Kosa ambalo mimi nimelifanya kwa mikono yangu ni la Sega, kampuni nyingine ya mashine za gemu.

Saturn yao ilitangazwa itaingia madukani Marekani Jumamosi, 2 Septemba 1995. PlayStation ya kwanza ya Sony nayo ilikuwa inakuja mwezi huohuo, wakaogopa. Tarehe 11 Mei wakasimama E3 wakasema: mashine ipo madukani tayari, dola 399. Wakadhani wamewahi. Kumbe mashine zenyewe chache, wamezipeleka kwa maduka machache waliyoyachagua, na wenye maduka mengine waliojiandaa kwa Septemba wakaachwa kwenye mataa. KB Toys wakasusa kabisa kuiuza. Watengenezaji gemu wa nje nao walikuwa wanahesabu Septemba, kwa hiyo cha kucheza kilikuwa kidogo, karibu vyote vya Sega wenyewe. Kwenye maonyesho hayohayo, Steve Race wa Sony akaitwa mbele, akataja "299", akarudi kukaa. Hotuba ndiyo hiyo.

Sasa mimi. Mwaka 2009 nilitaka chumba cha pili Ipogolo, kule chini barabara kuu. Nikatangaza: tunafungua Pasaka. Nikakubaliana na kinyozi jirani, anipigie debe kwa vijana wanaosubiri kunyolewa. Wiki mbili kabla, nikamwona mtu anapaka chumba rangi ya bluu hatua chache kutoka kwangu, maboksi ya televisheni yako mlangoni. Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nikafungua. PS2 tatu, CD mbili, padi moja kitufe cha shuti kimelegea mpaka ukibonyeze kwa kucha. Kinyozi sikumwambia. Vijana walijaa kweli, wakacheza Winning Eleven ileile mpaka saa nane mchana, mmoja akauliza "Mama, nyingine hamna?", wakaondoka. Kinyozi akanuna, maana yeye alishawaambia watu Pasaka, akaonekana mwongo. Yule wa bluu alipofungua na CD zake kumi na mbili, aliyempelekea wateja wa kwanza ni kinyozi. Mwezi wa nane nikafunga. Benchi la pale ndilo nililokalia sasa hivi nikiandika.

Kwa hiyo swali langu kwako si mashine. Unazitaka kwa sababu umezipigia hesabu, au kwa sababu ya yule wa ng'ambo?

Fundi_Makambako

Shikamoo mama. Nakubali mengi, ila kuwahi si kosa siku zote. Xbox 360 ilitoka Novemba 2005, mwaka mzima kabla ya PS3, na ilifaidika. Sony walikuja 2006 na bei ya dola 499 na 599, kiburi cha ushindi wa PS2. Ni kweli 360 ililipia haraka yake: zile taa tatu nyekundu za mashine iliyokufa. Julai 2007 Microsoft walitenga zaidi ya dola bilioni moja kwa matengenezo na wakaongeza dhamana hadi miaka mitatu. Nimefungua nyingi, solda chini ya chipu imeachia kwa joto. Lakini waliwahi na wakapata watu.

Kijana, mimi nakuja na jambo la vidole. Wateja wako wanajua padi ya PS. Kwenye FIFA, X ni pasi. Kwenye padi ya Xbox, pale chini pana A, na herufi X iko kushoto, mahali pa mraba, kitufe cha beki kuteleza. Sasa mtu yuko nyuma ya benchi anampigia kelele mwenzie "X! X!", jamaa anabonyeza X, beki anateleza miguuni mwa mtu ndani ya boksi. Penalti. Halafu wanadaiana mia tano. Utaamua wewe ugomvi huo?

Na ujue watoto hawakukimbii kwa sababu ya picha. FIFA ya mwisho kwenye PS3 ni FIFA 19. Wachezaji wanaowaona kwenye ligi wikendi kwako hawapo, au wako timu walizohama zamani.

Mama_Kihesa

Marahaba mwanangu. Hao wa 360 waliwahi wakiwa na gemu za kucheza. Mimi niliwahi na CD mbili.

Bandobando

Hiyo ya X imenitokea kwa shemeji yangu Nzovwe. Nilipewa kadi nyekundu dakika ya nne, nikasema padi mbovu.

Kijana_wa_Mwanjelwa

Shikamoo mama. Asanteni, Fundi asante sana, hilo la FIFA 19 sikuwahi kulifikiria, nilikuwa nalaumu mwanga wa televisheni.

Mama, jibu la kweli ni kwamba nazitaka kwa sababu ya yule wa ng'ambo. Ila nimekaa usiku nikapiga hesabu upya. Nachukua moja, si tatu. Siiweki FIFA kabisa. Naiweka Forza, magari, maana hiyo kwenye PS4 yake hawezi kuipata, na kwenye magari hakuna wa kukupigia kelele "X". Hela inayobaki, pamoja na kuuza PS3 mbili, naanza kutafuta PS4 moja ya mpira. Nafikiria kufungua kona ya magari Jumamosi hii.

Mama_Kihesa

Forza unayo mkononi?

Kijana_wa_Mwanjelwa

Hapana mama. Yule wa Tunduma anasema ataitafuta.

Mama_Kihesa

Basi usitaje Jumamosi kwa mtu yeyote. Hapo kwako kuna kinyozi?

Kijana_wa_Mwanjelwa

Hakuna. Kuna dada wa chipsi, vijana wote wanakaa kwake.

Mama_Kihesa

Nenda kakae naye.