Ukoo wa Nancarrow: mbona wako Cornwall na Australia, kwingine hakuna?

Swali: Wadau, nafuatilia ukoo huu. Cornwall, kaunti ya kusini-magharibi mwa Uingereza, nawakuta, Australia Kusini nawakuta, hata Mexico yupo mmoja maarufu. Sehemu nyingine za Uingereza ni wa kuhesabu. Kulikoni?

Jibu: Mkuu, fuata migodi. Jina ni la Kikornwall, limetokana na majina ya mashamba: bonde la kulungu. Shaba ilipoporomoka bei 1866, wachimbaji wa Cornwall walifungasha virago. Wengi waliishia Moonta, Australia Kusini, ambako shaba iligunduliwa 1861. Huyo wa Mexico, kama ni Conlon Nancarrow mtunzi wa muziki, mtoe: alizaliwa Texarkana, Marekani, 1912, akahama kwa sababu za siasa.

Jibu: Sensa ya 1841 itakupotezea muda, inasema tu kama mtu kazaliwa kaunti hiyohiyo. Anza na ya 1851, inataja parokia aliyozaliwa. Kabla ya Julai 1837 usajili wa serikali wa vizazi haukuwepo, ni vitabu vya kanisa, na makarani wale (Mungu awasamehe) waliandika walivyosikia. Tafuta pia kwa tahajia ya Nankarrow.

Muuliza: Ndiye huyohuyo Conlon! Namtoa. Naanza na 1851.