Tovuti gani za kuaminika kwa habari na uhakiki wa filamu? Alama zinanichanganya

Mwl_Klabu

Habari zenu wakuu. Nasimamia klabu ya filamu ya kidato cha tano na sita. Kila baada ya wiki mbili tunaonyesha filamu moja, na ubaoni tunabandika ukurasa mmoja wa habari za filamu na uhakiki mfupi. Shida ni vyanzo. Nikitafuta Google naletewa kurasa zenye vichwa vya habari vya moto, ndani pumba tupu. Halafu filamu ileile huku wameipa 90%, kule 62, pengine 5.8. Nimwamini nani? Natumia bando la simu, kwa hiyo video za dakika 20 za YouTube siziwezi. Na filamu za kwetu Afrika Mashariki nizitafute wapi? Wenye ujuzi naomba mnisaidie.

Kiti_cha_Nyuma

Mwalimu, hizo namba tatu hazigombani, zinapima vitu tofauti.

Asilimia ni ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya uhakiki. Yenyewe inahesabu kura tu. Kila uhakiki unawekwa upande mmoja, umesifu au umeponda, kisha inatolewa asilimia ya waliosifu. Chukua wahakiki 10. Filamu ya kwanza wote wanaipa 6 kwa 10, yaani "si mbaya, inatazamika". Hiyo inatoka na 100%. Filamu ya pili, saba wanaipa 9 na watatu wanaipa 4. Inatoka na 70%. Sasa piga wastani: ya kwanza 6, ya pili 7.5. Mwenye kusoma asilimia peke yake atakimbilia filamu ya kawaida na kuiacha nzuri.

Metacritic ndiyo inayopiga wastani, kutoka 0 hadi 100. Kule ya kwanza ingekaa karibu na 60 na ya pili karibu na 75. Nasema karibu kwa sababu wanawapa baadhi ya wahakiki uzito kuliko wengine, na uzito wenyewe hawautangazi. Kijani kinaanzia 61, njano ni 40 hadi 60, chini ya hapo nyekundu. Njano kwa filamu isikutishe. Mara nyingi maana yake wahakiki wamegawanyika, na filamu ya namna hiyo ndiyo inayozua mjadala mzuri darasani.

IMDb ni kura za watazamaji, 1 hadi 10, nayo pia haitumii wastani wa kawaida. Usiishie kwenye namba. Ibonyeze, utaonyeshwa mgawanyo wa kura. Mgawanyo wenye afya una kilima kimoja, tuseme kwenye 6 na 7. Ukiona mnara kwenye 10 na mnara mwingine kwenye 1, katikati pakavu, ujue hapo kuna makundi mawili yanapigana, na wengine huenda hata filamu hawajaitazama. Hapo 5.8 haikuambii kitu.

Namna ya kusoma ukurasa wa Rotten Tomatoes: kwanza angalia asilimia imetokana na uhakiki mangapi. Yakiwa chini ya 20, usijenge juu yake. Pili, nenda kwenye orodha ya wahakiki wakuu, fungua mmoja aliyesifu na mmoja aliyeponda, usome uhakiki mzima kwenye tovuti ya gazeti lake. Kile kipande cha mstari mmoja pale juu kimekatwa, na kukatwa kunapotosha. Mara nyingi utakuta wote wawili wanataja jambo lilelile: mmoja anasema filamu inajikokota, mwenzake anasema haina papara. Hapo umeshaijua filamu, na huhitaji asilimia ya mtu.

mla_bisi

Mi naona Rotten Tomatoes mngeiacha kabisa. Ni mali ya Fandango, kampuni inayouza tiketi za sinema Marekani. Muuza samaki atakwambia samaki wake wanavunda?

Kiti_cha_Nyuma

@mla_bisi umiliki ni kweli, na ni vizuri mwalimu aujue. Lakini uhakiki hawaandiki wao, wanaukusanya. Itumie kama daftari la anwani: inakupeleka kwa wahakiki kadhaa kwa mpigo. Upande wa watazamaji ndio wa kuwa nao makini. Mwaka 2019 walizuia watu kuandika maoni kabla filamu haijatoka, kisha wakaanza kutenganisha walionunua tiketi na wasiojulikana. Ukiangalia alama za watazamaji chagua waliothibitishwa, lakini kumbuka hao nao ni watu walioitaka filamu tangu mwanzo, kwa hiyo alama zao huwa za juu.

CinemaScore ni mambo hayohayo: wanawauliza watazamaji wa Marekani na Kanada wanaotoka ukumbini siku ya kwanza. Alama zao ni herufi kama za shuleni. Kule hata B ni onyo kwa filamu kubwa, na C ni msiba.

BintiPangani

Upande wa habari, ichukulie kama tetesi za usajili wa mpira. Kuna "anahusishwa", kuna "yuko mezani", kuna "amesaini". Kurasa za uvumi zinachukua ya kwanza na kuiandika kama ya tatu.

Chimbuko la habari nyingi za Hollywood ni magazeti ya biashara ya filamu: Variety, la tangu 1905, The Hollywood Reporter la 1930, na Deadline iliyoanza 2006. Kwa filamu za bajeti ndogo na matamasha ongeza IndieWire na Screen Daily. Kurasa nyingine nyingi zinanakili hapo, kwa hiyo kabla ya kubandika ubaoni tafuta ule mstari unaosema habari "imeripotiwa na nani", ufuate kiungo hadi mwisho. Kiungo kikikupeleka kwenye ukurasa mwingine wa kunakili, na huo ukakupeleka kwa mtu asiye na jina mtandaoni, achana nayo.

Jambo moja wengi hawalijui: Variety, Hollywood Reporter, Deadline na IndieWire zote ziko chini ya kampuni moja, Penske Media. Vyumba vyao vya habari ni tofauti na wanashindania habari, lakini usihesabu kwamba umepata mashahidi wanne wasiojuana.

Maneno ya kukariri, kwa kuwa kurasa hizo zinayaandika kwa Kiingereza: "in talks" ni mazungumzo tu, mkataba hakuna, na "in early talks" ni dhaifu zaidi. "Attached" ina maana jina la mwigizaji limewekwa kwenye mradi, mara nyingi ili kuvuta wawekezaji, na miradi ya aina hiyo hufa kimyakimya. "Wrapped" ndiyo ya kushika: upigaji picha umekwisha. Ukiandika ubaoni "fulani ataigiza" wakati chanzo kimesema "in talks", kosa ni lako wewe.

Trela nazo usiamini bila kuangalia jina la chaneli. Iwe ya studio au msambazaji wa filamu. Kuna chaneli zinazotengeneza trela za uongo kwa akili bandia, na ile kauli kwamba ni ya kubuni wanaificha mwishoni mwa maelezo. Mwaka 2025, baada ya Deadline kulichunguza suala hili, YouTube ilizikatia baadhi yao mapato ya matangazo.

Na tarehe! Wamarekani wanaanza na mwezi. 3/7 kwao ni tarehe 7 Machi. Tena hiyo ni tarehe ya kumbi za kwao. Kwa Dar au Nairobi angalia ratiba ya ukumbi wenyewe.

Tepu_ya_Zamani

Kwa bando la simu suluhisho ni RSS, yaani mlisho wa tovuti. Unapata vichwa vya habari na maandishi, bila matangazo wala video zinazojicheza zenyewe.

Pakua programu iitwayo Feeder kwenye Android, haihitaji kujisajili. Bonyeza kuongeza mlisho, andika variety.com/feed, hifadhi. Rudia kwa deadline.com/feed na indiewire.com/feed. Kisha ingia kwenye mipangilio, uiambie isasishe kwa Wi-Fi tu, na izime kupakua picha. Asubuhi ukipita kwenye Wi-Fi inajaza, jioni unasoma bila intaneti.

Tatizo utakalokutana nalo siku ya kwanza ni mafuriko. Mlisho mzima wa Deadline unabeba televisheni, mikataba ya mawakala na mambo ya mahakamani, hadi filamu inapotea humo. Variety ina mlisho wa filamu peke yake, jaribu variety.com/v/film/feed. Anza na huo mmoja kwa wiki moja kabla ya kuongeza wa pili. Mwenye milisho 15 haisomi hata mmoja.

Ukitaka habari ya mtu au filamu maalumu, Google inakutosha ukiibana. Andika site:variety.com kisha jina ndani ya alama za kunukuu, mfano site:variety.com "Lupita Nyong'o". Baada ya zile nukta mbili za site: usiache nafasi, ukiacha inakuletea takataka zilezile. Halafu bonyeza Zana, uchague mwezi uliopita, vinginevyo utabandika habari ya miaka mitatu nyuma.

Msambweni254

Filamu za kwetu sasa. Ukifungua Rotten Tomatoes utakuta filamu nyingi za Afrika Mashariki hazina asilimia, kwa sababu waliozihakiki hawatoshi. Hiyo haisemi kwamba ni mbaya, usiwaambie wanafunzi hivyo.

Kosa la kwanza ni kutafuta kwa jina moja. Chukua Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji inayotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Ilionyeshwa tamasha la Toronto 2021, na huko nje inaitwa Tug of War. Ukitafuta jina la Kiswahili utapata riwaya na maelezo ya mitihani. Ukitafuta la Kiingereza peke yake utaletewa mchezo wa kuvuta kamba. Andika majina yote mawili, weka jina la mwongozaji na mwaka, na uhakiki utajitokeza.

Chanzo cha pili ni matamasha. ZIFF ya Zanzibar na FESPACO ya Ouagadougou hutoa orodha za filamu zilizochaguliwa, zikiwa na muhtasari, urefu wa filamu na jina la mwongozaji. Orodha moja ya tamasha inakupa mada za muhula mzima. Kwa uhakiki wa filamu na tamthilia za Kenya soma Sinema Focus. Kwa biashara ya filamu barani, nani anafadhili na nani ananunua, kuna Akoroko.

Mwl_Klabu

Nawashukuru sana, nimeshaelewa zaidi ya nilivyotarajia. Maswali mawili. Nitajuaje kama filamu inafaa wanafunzi bila kuitazama yote kwanza? Na mhakiki gani anafaa kuwa mfano wa uandishi kwa vijana?

BintiPangani

La kwanza: kwenye ukurasa wa filamu IMDb shuka hadi Parents Guide. Imegawanywa mafungu matano: ngono na utupu, vurugu na damu, matusi, pombe na dawa za kulevya, na matukio ya kutisha. Usiishie kwenye neno "kali" au "kiasi", hayo ni kura tu. Soma maelezo, yanaeleza tukio lenyewe. Ukifika sehemu ya spoila rudi, isipokuwa kama hujali kujua mwisho. Common Sense Media nayo inataja umri unaofaa, ila ni kwa malezi ya Kimarekani. Kuna filamu wanaipandisha umri kwa ajili ya matusi ambayo wanafunzi wako hata hawatayasikia, na nyingine wanaiachia ambayo mzazi wa hapa atakuja juu. Halafu tazama mwenyewe zile dakika zilizotajwa. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kiti_cha_Nyuma

La pili: RogerEbert.com, ni bure. Roger Ebert alikuwa mhakiki wa gazeti la Chicago Sun-Times tangu 1967, alipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, 1975, akafariki Aprili 2013. Uhakiki wake uko pale, na wengine wanaendelea kuandika. Alama yao ni nyota nne, si tano, kwa hiyo nyota tatu pale ni filamu nzuri. Wape wanafunzi uhakiki mmoja wa nyota nne na mmoja wa nyota moja, uwaambie wapigie mstari kila sentensi inayosimulia hadithi. Watashangaa jinsi zilivyo chache. Makosa ya vijana wengi ni hapo: wanasimulia filamu yote, mwishoni wanaongeza "ni nzuri sana".

Baada ya hapo wafungulie Letterboxd, daftari la mtandaoni la watazamaji. Wasifuate maarufu, hao wanashindana kwa vichekesho vya mstari mmoja. Chukua filamu tano unazozijua vizuri, mbili kati yake uwe unazichukia, utafute watu watatu wanaoandika aya mbili au tatu na mnaokubaliana kwenye nne. Hao watatu watakufaa kuliko asilimia ya wahakiki 300.

Mwl_Klabu

Sawa mkuu. Hao watatu wa Letterboxd naweza kuwaingiza kwenye Feeder pia, au ni lazima niwe nafungua tovuti?

Tepu_ya_Zamani

Wanaingia. letterboxd.com, mkwaju (alama hii: /), jina la mtumiaji, mkwaju, rss. Jina liwe lile lililo kwenye anwani ya ukurasa wake, si lile kubwa la pale juu, maana hilo anaweza kuandika lolote. Ikikuletea kosa, asilimia kubwa umeweka la pale juu.