Mrejesho: Kushuka mtoni nimeweza, kupanda ndiko kulikonishinda

Assalaam aleykum ndugu zangu. Ni yule niliyeuliza vipi nishushe Suzuki yangu ule mteremko wa udongo mwekundu hadi mtoni, huku Wete, nikachukue karafuu za ami yangu ng'ambo ya bonde. Ahsanteni sana nyote.

Nilifuata ushauri wa kushuka kwa miguu kwanza. Huo peke yake uliniokoa, maana mvua ilishachimba handaki upande wa kushoto, na kutoka juu halionekani kwa majani. Nikapunguza upepo wa matairi kutoka psi 32 hadi 22, nikaweka 4L (magurudumu yote manne yavute, kwa mwendo wa chini wenye nguvu), gea namba moja, mguu mbali na klachi. Mara moja tu nilikanyaga breki kwa hofu, nyuma ikaanza kuteleza ubavuni. Nikaachia kama mlivyosema, injini ikaishika tena. Nilifika chini natetemeka, lakini salama.

Kurudi, wallahi, sikuweza. Kulinyesha manyunyu ya robo saa tu, udongo ukawa kama sabuni. Makumbi ya nazi niliyoyaweka chini ya matairi yalinisogeza hatua chache, basi. Magunia yakapandishwa kwa gari la ng'ombe, nayo Suzuki ikalala bondeni siku mbili mpaka njia ilipokauka. Ikapanda kwa 4L bila ya taabu.

Aliyeniambia nisishuke mawingu yakiwa yamefunga, nisamehe. Ningekusikiliza. Na ukishafika barabarani, rudisha upepo.