Mgonjwa wa ataksia: kitandani anafanya vizuri, akisimama mwendo uko palepale

Fizio_Wilayani
Habari wadau. Naomba mawazo ya mliozoea wagonjwa wa mishipa ya fahamu. Mgonjwa ni mwanaume, miaka 46, ana ataksia (viungo havipatani katika mwendo) ya serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo. Inaongezeka taratibu, na picha ya CT ya kichwa imeonyesha serebela imesinyaa. Nguvu za misuli ni nzuri. SARA (alama za ukali wa ataksia, zikipanda hali ni mbaya zaidi) 13 kati ya 40. Anatembea amepanua miguu huku akishika ukuta, na huanguka hasa akigeuka au akisemeshwa njiani. Kwa wiki 6 amefanya mazoezi ya Frenkel akiwa amelala na ameketi. Kisigino sasa kinateleza vizuri juu ya muundi, ila mwendo haujabadilika.

Anatoka mbali, kliniki anafika mara moja kila wiki mbili. Nyumbani sakafu ni ya saruji, choo ni cha shimo na kiko nje, vifaa hakuna. Nimpe programu gani? Mkewe anauliza pia kama amfunge mifuko ya mchanga miguuni ili miguu itulie. Na je, fimbo au woka (fremu ya miguu minne ya kutembelea)?

Mizani
Mkuu, Romberg ulimfanyia? Miguu pamoja, sekunde 30 macho wazi, kisha sekunde 30 amefumba. Anayesimama vizuri macho yakiwa wazi halafu akaporomoka akifumba, tafuta tatizo kwenye hisia zinazopanda kutoka miguuni: mpime mtetemo kwenye kidole gumba cha mguu, na daktari aangalie sukari, vitamini B12 na kaswende. Anayeyumba vilevile macho wazi au yamefumbwa, huyo ni wa serebela.

Hapo ndipo Frenkel ilipokwama. Heinrich Frenkel, daktari wa Uswisi, aliyatunga mazoezi yale mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya watu ambao kaswende ilikuwa imeharibu njia za hisia kwenye uti wa mgongo. Hawakujua mguu uko wapi bila kuutazama, hivyo aliyafundisha macho yafanye kazi hiyo: polepole, kwa kuhesabu kwa sauti, kwa kurudia. Mgonjwa wako anajua mguu wake ulipo. Kinachomshinda ni kupatanisha viungo vingi kwa mpigo na kuuandaa mwili kabla haujayumba. Akilala, kitanda kinamfanyia kazi hiyo yote.

Msimamishe. Aingie kwenye pembe ya chumba, mgongo uelekee pembe, ukuta uwe kiganja kimoja kutoka kila bega, na mbele yake kiti kizito kisichoteleza, egemeo likimwelekea. Peku au viatu vya kufunga, kandambili marufuku. Kisha apande ngazi hii:

1. Miguu upana wa mabega, mikono imeachia kiti.
2. Miguu imegusana.
3. Kisigino cha mguu mmoja kando ya kidole gumba cha mwingine.
4. Kisigino mbele ya vidole, mstari mmoja.

Kila hatua sekunde 30, mara 3. Akiimudu, usikimbilie inayofuata. Kwanza mwongezee kazi akiwa palepale: ageuze kichwa kulia na kushoto macho yakiwa kwenye alama ukutani, anyooshe mkono kufikia kitu, ahamishe kikombe kutoka kiti hiki kwenda kingine. Baadaye weka blanketi lililokunjwa chini ya miguu. Jumla dakika 20, siku 5 kwa wiki.

Kosa la kawaida ni kumpa zoezi analoliweza. Mwaka 2014 Keller na Bastian, Marekani, walifuatilia wagonjwa wa serebela waliofanya mazoezi ya mizani nyumbani kwa wiki 6. Kilichoendana na mwendo kuboreka ni ugumu wa zoezi kwa mhusika, wala si wingi wa siku au dakika. Kipimo changu: katika sekunde 30 aguse ukuta au kiti mara 2 au 3. Asipogusa kabisa, zoezi ni jepesi. Akishindwa kufika sekunde 10, rudi ngazi moja. Na kugusa ni kwa kidole. Akiegemea, zoezi limeisha hapo.

Bi_Mazoezi
Nakubaliana na Mizani, ila huyu anaanguka akigeuka, kwa hiyo kugeuka kufundishwe peke yake. Wengi huzungusha kiwiliwili huku miguu imebaki, miguu inapishana, anakwenda chini. Mfundishe: simama kabisa, tazama unakokwenda, kisha geuka kwa hatua ndogo 4 hadi 6 bila kupishanisha miguu. Chora duara la chaki sakafuni, kipenyo kama nusu mita, akanyage ndani yake tu. Kila upande mara 5.

Ongeza kutembea kwa ubavu kando ya kitanda, kurudi nyuma hatua 3, na kuvuka fimbo iliyolazwa sakafuni. Magoti yasikakamae kwenda nyuma. Wengi huyafunga ili wapate uimara, na baada ya muda yanauma. Kuhusu kusemeshwa, kwa sasa kanuni ya nyumbani iwe moja: akiitwa, asimame, ndipo aitike. Kutembea huku anahesabu kinyumenyume kutafuata akishageuka bila kugusa ukuta.

Familia ijifunze kumshika. Asivutwe mkono. Anayemsaidia asimame nyuma kidogo upande anaoangukia zaidi, ashike khanga iliyofungwa kiunoni kwa fundo la nyuma. Na mgonjwa ajue kuinuka kutoka chini: ageukie ubavu, mikono na magoti, atambae hadi kwenye kiti, mguu mmoja mbele, ndipo asukume. Hili lifundishwe kabla hajaanguka tena.

Choo: kuchuchumaa na kuinuka gizani ni hatari kuliko zoezi lolote mtakalompa. Zikeni nguzo mbili za mti kushoto na kulia kwa tundu, nusu mita ardhini, mzifunge boriti ya kushika. Au fundi atengeneze kiti chenye tundu. Na tochi, kila usiku.

Fundi_wa_Mwendo
Mifuko ya mchanga miguuni, hapana. Uzito unaweza kupunguza mtikisiko wakati umefungwa, lakini ukifunguliwa mtikisiko unaweza kuzidi kwa muda, na huku nyuma misuli ya nyonga imechoka. Uchovu kwa hawa unaonekana papo hapo kwenye mwendo.

Uzito uwekeni kwenye woka. Woka mwepesi wa kunyanyua haumfai: kila hatua lazima aunyanyue, na hapo ndipo anapoangukia mgongo. Afadhali wenye magurudumu mawili mbele. Chupa ya nusu lita ikijazwa mchanga mkavu ina takribani gramu 800. Fungeni moja kila mguu wa mbele, chini kabisa. Zikifungwa juu, woka unapinduka. Vishikio viwe usawa wa kifundo cha mkono akisimama mikono imening'inia. Fimbo moja nyepesi humpa kiungo cha ziada cha kuratibu, na mkono wenyewe hautulii.

Mizani
Kabla hatujaenda mbali: anatumia fenitoini (dawa ya kifafa)? Na pombe? Zote mbili zinaweza kuidhuru serebela.

Fizio_Wilayani
Shukrani sana wakuu. Hana kifafa, fenitoini hajawahi kutumia, pombe hanywi. Nimempima Romberg leo: anayumba sawasawa macho wazi na yamefumbwa, mtetemo anausikia. Nitaanzia ngazi ya 2 kwenye pembe. Nipime nini na baada ya muda gani?

Mizani
Rekodi leo vipengele vitatu vya kwanza vya SARA, yaani kutembea, kusimama na kuketi, halafu sekunde anazosimama kila ngazi, na idadi ya kuanguka kwa wiki (mkewe aweke alama kwenye kalenda). Rudia baada ya wiki 6. Kwa ugonjwa unaoendelea, SARA ikibaki 13 baada ya mwaka si matokeo mabaya, mwambieni hivyo mapema ili asiache. Akiacha, faida inapungua.

Mtikisiko ukiongezeka ghafla ndani ya siku chache, au akianza kutapika na kuumwa kichwa, usibadilishe zoezi. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Na ukimwona anapaliwa akinywa maji, aketi wima, kidevu chini kidogo, funda dogo moja moja, na umwandikie rufaa ya mtaalamu wa kumeza na kuongea.